Mbudya, Madema na Baharia wa Kwanza Kutuandika



Bumu limeingia, na kama kawaida ya sisi watu wa Mlimani, bumu likiingia katikati ya wiki basi Jumamosi kuna kundi linapanga safari ya Mbudya. Gari la Tegeta, ukishuka unaunga mpaka ufukweni Kunduchi, halafu boti. Safi sana. Ila kuna jamaa yangu mmoja, tena anasoma historia huyu, kasema kitu kikanikaa kooni: eti Mbudya ni mchanga, samaki wa kukaanga na chipsi tu, ukitaka historia nenda Kilwa au Bagamoyo. Wengine wakaitikia. Nikaona huu mjadala hauishi kwa maneno mawili kwenye foleni ya chakula, bora niuweke hapa kwa kirefu.

Hoja yangu ni hii. Maandishi ya zamani kuliko yote tuliyo nayo yanayoieleza pwani hii kwa undani hayaanzi na msikiti, ngome wala sultani. Yanaanza na baharia aliyesimama kwenye kisiwa, akatazama wanyama, akatazama watu wanavua, akaendelea na safari yake. Kwa hiyo mtu akisema visiwa vidogo havina historia, anakuwa ameruka ukurasa wa kwanza.

Twende taratibu. Katikati ya karne ya 1, yaani miaka karibu 2000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, aliyeandika kwa Kigiriki bila kutaja jina lake, alitunga kitabu kidogo kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea. Kwa Wagiriki bahari hiyo ilibeba Bahari ya Shamu, Ghuba na hii yetu ya Hindi kwa pamoja. Msitegemee hadithi za majini na malkia. Lile ni desa la wachuuzi: bandari gani inafuata, ni mwendo wa siku ngapi, nini kinauzika, nini kinanunuliwa, na mkubwa wa pale ni nani.

Pwani yetu anaiita Azania. Anashuka nayo kutoka pembe ya Afrika, bandari kwa bandari, mpaka anafikia kisiwa anachokiita Menouthias. Hapo anatulia kidogo na kueleza alichokijua. Kisiwa ni cha chini na kina miti mingi. Kina mito. Kina ndege wa aina nyingi na kobe wa nchi kavu. Wanyama wakali hakuna isipokuwa mamba, na mamba wenyewe hawamdhuru mtu. (Mimi nikifika hapo nawaza kenge, maana mamba asiyeuma sijui ni wa wapi huyo.) Halafu anakuja kwenye vyombo: kuna mitumbwi ya gogo moja na kuna mashua ndogo za kushonwa kwa kamba, na wenyeji wanazitumia kuvulia samaki na kukamatia kasa. Wana na mtindo wao wa kuvua. Badala ya nyavu wanatega vikapu kwenye midomo ya mikondo inayopita katikati ya miamba.

Ngoja nirudie, maana wengi tukisoma hilo desa tunakimbilia sehemu ya pembe za ndovu. VIKAPU. Kwenye miamba. Yeyote aliyewahi kutembea ufukweni Kunduchi asubuhi ameviona. Yale makapu mapana yaliyosukwa kwa fito nyembamba, yenye mdomo unaoingia ndani kama faneli ili samaki akiingia asijue pa kutokea, yanayolazwa karibu na ngalawa, ndiyo madema. Namwelewa baharia yule. Kwao amezoea nyavu, kafika huku akakuta watu wanakamata kitoweo kwa kikapu, akashangaa, akaandika. Hakujua kwamba kile alichokiona cha ajabu kitaishi kuliko dola ya Kirumi yenyewe.

Na zile mashua za kushonwa? Mwendo wa siku mbili mbele ya Menouthias, kitabu kinasema, kuna soko la mwisho la Azania, nalo linaitwa Rhapta. Jina limetokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya hizo hizo mashua. Sisi tulizijua kwa jina la mtepe: mbao zimeunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mitepe ilidumu kwenye pwani hii mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ikaisha. Rhapta ilitoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Wakubwa wa biashara ya pale walikuwa watu wa Muza, bandari ya Yemen, na manahodha wao walikuwa Waarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, na wakaijua lugha yao. Someni tena hiyo sentensi mtaona kwamba mchanganyiko tunaouita Uswahili una mizizi mirefu kuliko tunavyofundishwa kidato cha pili.

Sasa swali la mtihani: Menouthias ni wapi? Mwandishi anasema iko stadio 300 kutoka bara. Stadio moja ni kama mita 180 hivi, kwa hiyo ni kilomita 54 au 55. Pemba iko kilomita kama 50 toka bara, Unguja haifiki 40, Mafia ni kama 20. Kwa hesabu hiyo Pemba inaongoza. Lakini nahodha wa zamani alipima kwa upepo na siku, utepe hakuwa nao, ndiyo maana wapo wasomi waliosimama na Unguja na wengine na Mafia. Kuhusu Rhapta, Profesa Felix Chami wa hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechimba sana maeneo ya Rufiji na Mafia, ndiye aliyesukuma hoja ya kwamba ilikuwa upande wa Rufiji. Mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za kioo za Kirumi zilizopatikana huko delta.

Tuchukue hilo la Pemba au Unguja pamoja na la Rufiji, halafu fungueni ramani. Chombo kikitoka kule kwenda Rufiji kinapita wapi? Kinapita mbele ya Kunduchi, Msasani na Mbwamaji. Kinapita kwenye mlango wetu! Sisemi baharia yule alishuka Mbudya akala ngisi. Mbudya haina mto, kwa hiyo Menouthias siyo yenyewe. Ninachosema ni kwamba maji haya yamekuwa barabara toka wakati huo, na barabara yoyote ina vituo vyake.

Visiwa vyetu vya jirani kazi yake ilikuwa hiyo. Mtu wa bara akiangalia Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini anaona pa kuogelea. Mvuvi anaona kinga. Kusi likivuma, nyuma ya kisiwa kuna maji matulivu. Jioni ikikukuta mbali, kuna mchanga wa kuvutia chombo. Wavuvi wana neno lao kwa hili, dago. Mtu akifuata samaki mbali na kwao anaweka kambi ya muda, wiki au miezi, anavua, anakausha samaki, upepo ukigeuka anarudi. Dago halijengi nguzo ya mawe. Linaacha majivu, magamba na vifuu, na msimu ukipita mvua inafuta. Kwa hiyo ukienda na jembe la akiolojia ukitafuta kuta hutapata kitu, utaandika kwamba kisiwa hakikutumika.

Kuta zenyewe ziko ng'ambo, bara. Kunduchi kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa mabakuli ya Kichina. Upande wa Temeke ya zamani, ambako sasa ni Kigamboni, kuna Mbwamaji, na mbele yake baharini viko visiwa vya Sinda. Miji hii ilikuwepo kabla ya huu tunaoringia. Dar es Salaam ni mtoto mdogo. Sultani Majid bin Said alianza kuijenga miaka ya 1860, akafariki 1870, mji ukasinzia. Watu wa Kunduchi na Mbwamaji walikuwa wanaishi kwa bahari muda mrefu kabla yake, na mabakuli ya China hayakuja kwa miguu.

Turudi kwa wanyama, maana hapa ndipo historia inapokuwa chungu.

Baharia akisimama kisiwani anataka vitu vitatu: maji, kuni na nyama. Nyama ya kisiwani ina tabia moja, haijui kumkimbia mtu. Wadachi walifika Mauritius mwaka 1598 wakamkuta dodo, ndege mkubwa asiyeruka. Mara ya mwisho inayokubalika na wengi kuonekana dodo ni 1662. Hesabu ni miaka 64, haitoshi hata umri wa babu mmoja. Kuliwa na mabaharia, na nguruwe, nyani na panya waliokuja na merikebu wakala mayai. Kobe wakubwa wa Mauritius, Réunion na Rodrigues wakafuata njia hiyo hiyo. Kobe alikuwa balaa kwa baharia kwa maana ya kwamba unaweza kumpanga chini ya merikebu akakaa wiki nyingi bila chakula, ukawa na nyama mbichi isiyohitaji chumvi. Walibebwa kwa maelfu mpaka wakaisha.

Waliobaki walikuwa wa Aldabra, kwa sababu Aldabra iko mbali, haina maji ya kutosha na miamba yake ni visu. Ugumu wa kituo ndio uliookoa wanyama. Mwaka 1874 wanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin akiwemo, walimwandikia gavana wa Mauritius kumwomba awalinde kobe hao kabla hawajaisha nao.

Na hapa ndipo sisi tunaingia. Wangapi wenu mmekwenda Zanzibar mkapiga picha na kobe wa Changuu? Wengi mnadhani ni wa pale toka kuumbwa kwa dunia. Wale ni wageni. Mwaka 1919 gavana wa Seychelles alileta wanne kama zawadi, wa asili ya Aldabra. Kisiwa chenyewe kina mkasa. Kwanza kilitumika kufungia watumwa waliogoma. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani, akakinunua na kujenga gereza ambalo halikuwahi kufanya kazi ya gereza. Badala yake kikawa karantini: abiria wa meli walitua pale kwanza, wakakaa mpaka ionekane hawana maradhi. Baharia wa Menouthias alisimama akipenda, abiria wa Changuu alisimama akitaka asitake, na kobe wakawa burudani ya kumpotezea siku.

Kobe waliongezeka, mwaka 1955 wakafika kama 200. Halafu watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kuliwa, wengine kwa kuuzwa nje kama wanyama wa kufugwa. Kufikia 1996 walibaki saba. SABA, jamani. Wakaletwa vifaranga 80, nusu yao wakapotea pia, mpaka ukajengwa uzio na ulinzi ukakaza. Mnyama anayeweza kuishi zaidi ya miaka 100 alikaribia kumalizwa ndani ya miaka 40. Na safari hii hakuna wa kumsingizia Mdachi.

Mbudya nayo ina wake. Kuna kaa mkubwa anayekula nazi, anayetoka usiku. Huyo ndiye mkubwa kuliko wadudu na kaa wote wa nchi kavu duniani, anaweza kufika kilo 4, na anaishi miongo mingi. Kituko chake ni kwamba akiwa mtu mzima ukimtupa baharini anakufa maji, wakati mayai yake lazima yaanguliwe baharini. Anakua polepole, hakimbii, na ni mtamu. Yaani ana sifa zote za dodo. Mwaka 2018 aliorodheshwa duniani kama kiumbe aliye hatarini. Anayepiga kambi Mbudya usiku na kuwasha moto amtazame, apige picha, amwache.

Chini ya maji ndiko kulikoumia zaidi. Uvuvi wa baruti uliingia pwani hii miaka ya 1960. Sheria ya uvuvi ya 1970 ikapiga marufuku, baruti zikaendelea. Mwaka 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vikatangazwa maeneo tengefu, lakini kwa miaka mingi utengefu huo ulikaa kwenye makaratasi, na mabomu yalisikika mchana kweupe. Sheria ya hifadhi za bahari ya 1994 ndiyo iliyoleta chombo cha kusimamia. Mwaka 2007 wakaongezwa Sinda mbili, Kendwa na Makatumbe. Baruti zilipungua sana baada ya msako mkali wa kuanzia 2016 hivi. Tumbawe linakua polepole, kwa hiyo mlipuko wa dakika moja unavunja kazi ya miaka mingi, na samaki wanaookotwa ni wale wanaoelea tu. Wengine wanazama na kuoza.

Sasa niwaulize kitu kigumu. Kwa sheria eneo tengefu ni la kutovua. Mvuvi wa Kunduchi ambaye babu wa babu yake alitega dema kwenye miamba ile anaambiwa asitege. Sisi wanafunzi tunalipa kiingilio, tunashuka, tunaagiza samaki wa kukaanga. Huyo samaki kavuliwa na nani, na wapi? Makabrasha ya utalii yanasema kisiwa hakikaliwi na watu. Ni kweli kwamba hakuna kijiji. Lakini kutokaliwa na kutotumika ni vitu viwili tofauti, na tukivichanganya basi mvuvi anageuka mvamizi kwenye kituo cha babu zake, na mgeni ndiye anakuwa mwenyeji.

Msinielewe vibaya. Sisemi hifadhi ziondolewe. Miamba ikipumua samaki wanazaana, na wanaovuka mpaka wa hifadhi ndio anaowavua huyo huyo mvuvi. Wala sisemi mambo ya zamani yote yalikuwa mazuri. Vikapu vya Menouthias vilikamata kasa, na magamba ya kasa yalikwenda kupamba masanduku ya matajiri wa mbali. Leo kasa amebaki mchache, sheria inamlinda, na ni haki. Kule Mafia kuna watu ambao zamani wangechimba mayai yake, sasa wanalipwa kulinda viota. Wamegeuzwa walinzi kwa sababu mtu alikwenda kuongea nao kwanza.

Ninachodai ni haki ya kihistoria. Dema lilitumika karne kwa karne na miamba ikabaki. Baruti ilichukua miongo michache miamba ikavunjika. Anayeweka vitu hivi viwili kwenye kapu moja la "uvuvi haramu wa wenyeji" hajui historia, na akipewa ofisi ataandika sheria mbovu. Yule Mgiriki wa Misri pamoja na ugeni wake alifanya jambo moja la maana: aliona kisiwa, akahesabu wanyama, halafu akaandika watu walikuwa wanafanya nini pale na kwa chombo gani. Wengi waliomfuata waliandika wanyama peke yao.

Basi anayekwenda Jumamosi nampa kazi mbili. Usinunue gamba la kasa wala kombe kubwa la baharini hata ukibembelezwa. Halafu kwenye boti, kabla ya kuweka muziki, muulize nahodha majina ya miamba mnayopita na marehemu baba yake alitega wapi. Hayo majina hayamo kwenye Periplus, hayamo maktaba, na wanaoyajua wanazeeka.

Naomba kuwasilisha.